Anza na Banduru

Kuna swali linalonifuata siku hizi kila nikifika pwani, na wanaoliuliza hawafanani hata kidogo. Leo ni kijana aliyechoshwa na kodi ya chumba Dar es Salaam, kesho ni mstaafu wa Mombasa mwenye kiinua mgongo na mawazo mengi, keshokutwa ni mgeni aliyelowea Unguja. Swali lao ni hili: nimeona mashua kuukuu inauzwa, bei yake nafuu kuliko kiwanja, je, naweza kuitengeneza nikaishi humo, nikatumia umeme wa jua na maji ya mvua, nisiichafue bahari?

Jibu ni ndiyo. Watu wa bahari hii waliishi vyomboni miezi kwa miezi bila kuwasha hata taa ya betri. Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alipanda jahazi la Wakuwaiti huko Aden mwaka 1938, akaja nalo hadi Zanzibar na mpaka mdomo wa Rufiji walikokwenda kuchukua boriti za mikoko. Aliyoyaandika ni habari za watu waliolala sitahani juu ya shehena, wakapika hapo hapo kwa kuni, wakafua na kushona hapo hapo. Hakuna aliyeyaita hayo maisha rafiki kwa mazingira. Ilikuwa kazi tu, na msimu ukigeuka walirudi kwao.

Sasa, karibu kila anayeniuliza huwa ameanzia pasipo. Ameshapiga hesabu ya paneli za sola, ameshachagua friji, ameshapima pa kuweka kitanda. Muulize mkuku wa chombo chake ukoje, ananyamaza. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauna gharama. Panda chomboni asubuhi, kabla hawajafua maji. Inua ubao wa chini karibu na tezi, uangalie banduru, pale maji yanapojikusanya. Chovya kidole, uonje. Yakiwa ya chumvi, chombo kinavuja chini, kalafati imechoka, na ugonjwa huo dawa yake ipo. Yakiwa matamu, hiyo ni mvua iliyopenya sitahani ikashuka polepole kupitia vichwa vya mataruma. Hapo shtuka zaidi. Maji ya chumvi huuhifadhi ubao. Ya mvua ndiyo huuozesha.

Halafu mlete fundi, na umlipe siku yake kama unavyomlipa daktari. Nenda Matondoni kule Lamu, nenda Nungwi, hawa watu bado wapo. Atazunguka na nyundo akigonga ubao mmoja mmoja. Ubao mzima hulia. Uliokufa hutoa sauti nzito iliyoziba. Kisha atachomeka ncha ya kisu pale anapojua yeye: taruma linapokaa juu ya mkuku, chini ya kitako cha mlingoti, na kule fashini mbao zinapokutania. Ubao wa ubavuni unabadilishika. Taruma pia, ingawa linataka tawi lenye mpindo wake wa asili, la mwembe au mfenesi, kwa sababu ukiukata mpindo kwenye ubao ulionyooka nyuzi za mti zinakatika na taruma litapasuka bahari ikichafuka. Lakini mkuku ukiwa umeoza, bwana wee, hapo umenunua kuni.

Kisha kuna adui ambaye haonekani. Wengi humwita mdudu, ila kwa ukoo ni jamaa wa chaza na kombe: ana mwili mrefu mlaini na magamba mawili madogo kichwani ya kutobolea mti. Huingia ubaoni akiwa mdogo mno, anaacha tundu la nje ambalo hata hulioni, halafu huko ndani anachimba na kukua. Unaweza kusimama mbele ya ubao mzuri uliopakwa rangi mpya, kumbe ndani umebaki mapango matupu. Ndiyo maana mimi simwamini muuzaji anayenionyesha chombo kilichopakwa rangi wiki iliyopita.

Dawa ya wazee kwa adui huyu bado inafanya kazi. Bahari yetu ina zawadi ambayo wenye boti kwenye Bahari ya Mediterania wanaikosa. Kwenye bamvua, maji ya Unguja na Mombasa hupanda na kushuka kwa karibu mita 4. Unakileta chombo ufukweni maji yakiwa juu, unakitia gadi pande zote mbili, maji yanaondoka, na una saa kadhaa za kufanya kazi chini yake pakavu bila kulipia winchi wala chelezo. Unakwangua kome na mwani, unawasha makuti makavu na kuupitisha moto chini ya mbao hadi zipate joto la kumuua aliyemo ndani, halafu unapaka deheni ya chokaa na shahamu. Ubao wa juu ya maji unapata sifa, yale mafuta ya papa yenye harufu ambayo mke wako hatakusamehe. Kazi hiyo unairudia kila baada ya miezi michache, na hapo ndipo wengi wanapotafuta njia ya mkato dukani.

Njia ya mkato ni rangi yenye sumu ya kuzuia viumbe visishike. Ile kali kuliko zote ilikuwa na kemikali ya bati, na ilifanya kazi vizuri kupita kiasi: bandarini ikaonekana konokono majike wanaota viungo vya kiume, hawazai tena. Mkataba wa kimataifa wa kuipiga marufuku ulipitishwa mwaka 2001, ukaanza kutumika 2008. Rangi zinazouzwa leo nyingi zina shaba, ambayo ni nafuu, lakini nayo ni sumu, vinginevyo isingefanya kazi. Anayetaka kweli kuishi bila kuichafua bahari, huku kila mwezi analetewa bamvua bure mlangoni, sioni kwa nini asishike kikwaruzo. Mgongo utauma. Lakini mgongo huo huo atautumia kukagua kila inchi ya chombo chake, na jambo hilo rangi ya dukani haimfanyii.

Kuhusu kalafati sitasema mengi, maana kila kijiji kina mkono wake. Pamba iliyosokotwa, mafuta, patasi butu na nyundo, basi. Ila kuna kosa moja ninaloliona likifanywa na watu wenye fedha. Chombo kinavuja, mwenyewe hana subira, anakivika nje koti la faiba na gundi. Mwaka wa kwanza ni raha tupu. Lakini mbao ni kitu kinachovimba na kunywea, na koti lile halivimbi wala halinywei. Linabanduka mahali fulani, maji yanaingia katikati, hayana pa kutokea, na ubao unaoza gizani huku nje pakiwa panang'aa. Fundi akiitwa baadaye hawezi hata kugonga na nyundo, kwa sababu kila mahali panalia sawasawa.

Mbao mpya zenyewe zitoke wapi? Swali hili wanaharakati wa mazingira hulikwepa. Mvule na mbambakofi ni miti inayochukua miongo mingi kukomaa, na inakatwa haraka kuliko inavyopandwa. Anayekarabati chombo kizee anahitaji mbao chache kuliko anayejenga kipya, na hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote ya kukarabati, kubwa kuliko paneli yoyote. Kuna pia mbao za majumba yanayobomolewa na za vyombo vilivyokufa. Bahati mbaya soko la watalii limeshafika huko: mbao za majahazi makuukuu zinageuzwa meza na viti vya hoteli Lamu na Zanzibar. Ubao uliovuka bahari miaka 40 unamalizia maisha yake ukishikilia glasi ya juisi ya ukwaju. Sina ugomvi na fundi anayeuza, watoto wanakula. Ila nikiwa na chombo cha kutengeneza, ningewahi kabla ya mwenye hoteli.

Huko Lamu walijaribu pia njia nyingine kabisa. Mwaka 2018 ilishushwa majini Flipflopi, mashua ya mita 9 iliyojengwa na mafundi chini ya Ali Skanda kwa kiasi cha tani 10 za plastiki iliyookotwa, na ubavuni ikavikwa kandambili zipatazo 30,000. Mwanzoni mwa 2019 ikasafiri kwa tanga hadi Zanzibar. Ni kazi ya kuvutia, na mafundi walilazimika kujifunza upya, kwa sababu plastiki haishiki msumari wala haibebi uzito kwa namna ya mti. Lakini ile ilijengwa ili izungumze na watu kuhusu taka. Wewe unatafuta pa kulala.

Na wale wenye boti za faiba, za matanga ya kizungu, zile ambazo mabaharia wapitaji huchoka nazo wakaziuza Kilifi au Tanga? Ugonjwa wao ni mwingine. Gamba lenyewe haliozi. Nyingi zilizomiminwa miaka ya 1970 bado zinaelea. Tazama sitaha, hasa ikiwa ndani yake kuna tabaka la mbao laini ambalo likilowa linakuwa uji: ukikanyaga inabonyea. Tazama vyuma vinavyoshika nyaya za mlingoti, pale vinapopenya sitaha. Halafu kumbuka kwamba chombo cha faiba kikifa hakina kaburi. Hakichomeki salama, hakiozi, na kukisaga kitumike upya ni ghali. Kwa hiyo anayekirefushia maisha miaka 20 ameipunguzia dunia mzigo, hata kama injini yake inatoa moshi.

Haya. Tuseme banduru imekauka. Sasa tuingie ndani, na tuanze na uzito.

Mashua na jahazi vilijengwa vibebe mzigo: chokaa, mchanga, nazi, boriti. Kikiwa kitupu chombo hukaa juu mno, hulalia upepo upesi, nahodha hutia farumi ya mawe au mchanga. Wewe unayehamia na godoro na sufuria hujaleta mzigo wowote, umeleta nyumba tupu. Basi vitu vyako vizito vifanye kazi ya farumi. Matangi ya maji yakae chini kabisa, kando ya mkuku, yagawanywe vyumba ili maji yasiteremke yote upande mmoja chombo kikiinama. Betri ziwe chini pia, ila juu ya maji ya banduru, zimefungwa zisichezecheze. Juu pabaki pepesi. Nimeona mashua nzuri ikiharibiwa kwa kibanda kirefu cha mbao na paneli nzito zilizowekwa juu ya paa, ikawa inayumba hata bandarini, na wenye nyumba wakaishi na kichefuchefu bila kujua kilikotoka.

Injini ya kwanza ya chombo hiki ni tanga, na tanga letu lina adabu zake. Foromali ya jahazi inataka mikono mingi. Kubadili upande kwa kuizungusha mbele ya mlingoti, huku tanga linapiga na demani imeachiwa, si kazi ya mume na mke wawili usiku. Mabaharia wa zamani walikuwa kundi. Kwa hiyo anayeishi chomboni na familia ndogo apunguze: foromali fupi, tanga dogo, au mlingoti wa aina nyingine kabisa kama fundi atakubali. Mwendo utapungua. Una haraka ya kwenda wapi, nawe nyumbani ndiko uliko?

Hapo linakuja suala la mashine. Vijana wanataka mota ya umeme, nami nawapenda kwa hilo, ila tupige hesabu pamoja. Mashua nzito ya mita 10 ikitaka kwenda noti 4 katika maji tulivu itakula kama kilowati 3. Ukiwa na betri zinazokupa kilowati-saa 9, una saa tatu, yaani maili 12 za baharini. Sasa punguza mwendo uwe noti 2. Nguvu inayohitajika huanguka hadi kama sehemu moja ya nane, na betri zile zile zinakuchukua saa 24, maili 48. Umepunguza mwendo nusu, masafa yameongezeka mara nne. Hesabu hii ni ya kukadiria, upepo wa mbele utaivuruga, na mkondo wa kusi utaicheka. Lakini inaonyesha mota ya umeme inafaa nini: kutoka na kuingia bandarini, kuvuka utulivu wa asubuhi. Haifai kupambana.

Upande wa pili, lita moja ya dizeli kwenye injini ndogo inakupa kama kilowati-saa 3 za kuzungusha rafadha. Dumu la lita 20 linabeba nguvu ya betri za bei ya nyumba. Ndiyo maana mimi, kwenye chombo kitakachopita mikondo ya Pemba, ningebaki na injini ndogo ya dizeli na kuiwasha mara chache. Kuna wanaoikataa kabisa. Tres Hombres, meli iliyojengwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ikafufuliwa Uholanzi na kuanza kazi mwaka 2009, inabeba ramu, kakao na kahawa kuvuka Atlantiki bila injini yoyote. Lakini ina mabaharia wengi, nao hawaishi na mtoto mchanga.

Umeme wa ndani ndio ulio rahisi, na jua la pwani yetu halina ubahili. Chukua kwamba kwa siku unapata saa 5 za jua kamili. Paneli za wati 400 kwa karatasi zinakupa wati-saa 2,000. Usiamini karatasi. Paneli ikipata joto inapungua nguvu, na paneli ya pwani huwa moto sana. Chumvi hukaa juu yake. Na kivuli cha mlingoti kikikatiza kona moja tu kinaweza kunyamazisha paneli nzima. Hesabu 1,400, ukipata zaidi shukuru.

Unatumiaje? Taa tano ndogo jioni nzima, wati-saa 100. Simu mbili, 30. Kompyuta ya kazi, 150. Feni mbili usiku, 150 au zaidi kidogo. Redio ya mawasiliano na pampu ya maji, 60. Haifiki 500. Halafu unaingiza friji. Friji ndogo ya volti 12, kwenye joto la Februari, inaweza kula 600 peke yake, zaidi ya vyote vingine vikijumlishwa. Kwa hiyo friji ndiyo inayoamua ukubwa wa paneli, na paneli ukubwa wa betri, na betri ukubwa wa deni. Mimi ningejaribu mwaka wa kwanza bila friji. Samaki wanapatikana kila asubuhi, ng'onda na papa mkavu hawahitaji baridi, maembe na ndimu vinatiwa achari. Kama baada ya mwaka bado unaililia, nunua, na ulizungushie sanduku lake kizio cha unene wa kiganja, kwa sababu hapo ndipo wati zinapookolewa.

Kwa betri, tuseme unataka siku mbili za mawingu zisikutie giza. Kwa matumizi ya 1,100 kwa siku utahitaji 2,200. Betri za risasi hazipendi kushushwa chini ya nusu, basi utanunua 4,400, ambazo ni betri nne za ampea-saa 100, uzito kama kilo 120. Za lithiamu, zile za fosfeti ya chuma ambazo haziwaki moto kirahisi, zinakubali kushushwa hadi karibu na mwisho. Ampea-saa 200 na ushei zinatosha, na uzito ni chini ya kilo 30. Bei ya kununua ni kubwa, lakini zinadumu mara nyingi zaidi. Nyaya ziwe za shaba iliyopakwa bati, maana shaba tupu baharini hugeuka unga wa kijani ndani ya ganda lake. Na kila waya na fyuzi yake. Moto chomboni hauna jirani wa kuleta ndoo.

Kwenye maji ya kunywa ndipo mtu wa mjini anaposhangaa. Mabaharia waangalifu wanaishi kwa lita 10 kwa kichwa kwa siku, kupika na kunywa ndani yake, kwa kuwa vyombo vinaoshwa kwa maji ya bahari na kusuuzwa kwa kikombe kimoja. Watu wawili kwa wiki mbili, lita 280, kilo 280 za farumi. Mvua ifanye sehemu yake: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Turubai la kivuli lenye mita za mraba 8 likipata mvua ya milimita 20, jambo la kawaida masika, linakupa lita 160 kabla ya chai ya asubuhi. Acha dakika za kwanza zioshe chumvi na mavi ya ndege, kisha fungua bomba la tangi. Mashine za kusafisha maji ya bahari zipo, na ni nzuri, ila zinataka mgandamizo wa karibu mara 55 ya ule wa hewa, vichujio vya kuagiza na mtu anayejua kuzitunza. Kwenye mwambao wenye visima na mifereji ya kulipia kila penye gati, sioni haja.

Turubai lile lile ndilo kiyoyozi chako. Mashua iliyofunikwa sitaha nzima bila madirisha ni tanuri ifikapo saa nane mchana. Acha mlango wa juu mbele omoni, mwingine nyuma, upepo upite. Paka sitaha rangi nyeupe. Lala juu usiku wa kaskazi.

Sasa choo, jambo ambalo wanunuzi hulitaja kwa kunong'ona. Choo cha pampu kinachosukuma kila kitu baharini, ndani ya ghuba wanakoogelea watoto na kukusanya kombe akina mama, hakistahili kuitwa maendeleo. Dawa ni choo kikavu kinachotenga haja ndogo na kubwa. Ikitengwa, harufu nyingi inakwisha yenyewe. Kubwa inafunikwa na kitu kikavu chenye nyuzi, kinachonyonya unyevu na kuacha hewa ipite. Na huko Ulaya na Marekani wanaoishi vyomboni wananunua nini kwa kazi hiyo? Wananunua unga wa makumbi ya nazi, umegandamizwa matofali, umesafirishwa kutoka Asia. Sisi makumbi tunayarundika nyuma ya nyumba tukayachoma. Gunia moja la makumbi yaliyopondwa linakutosha muda mrefu, kisha kilichomo kinapelekwa nchi kavu kikae mwaka mzima kabla hakijakaribia mizizi ya mti. Kwenye bustani ya mboga, hapana.

Jikoni nina onyo moja tu. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja nyumbani itatoka mlangoni. Ikivuja chomboni inashuka bandurini, inakaa huko, inasubiri cheche ya pampu. Mtungi uwe juu, ndani ya sanduku lenye tundu linalotoa gesi nje ya ubavu, na valvu ifungwe kila baada ya kupika. Mwenye paneli za kutosha anaweza kutumia sufuria ya umeme ya mgandamizo, ambayo ikijazwa maharage inaweza kuyaivisha kwa chini ya nusu ya kilowati-saa, apike saa sita jua likiwa utosini. Mkaa nausikitikia, lakini usiku wa kuchoma samaki juu ya sigiri yenye mchanga nisingemnyima mtu.

Taka za plastiki hazitupwi baharini popote, sheria ya kimataifa imelikataza hilo tangu mwisho wa 1988. Na kabla hujapaka jina ubavuni, uliza mamlaka za vyombo vya majini kuhusu usajili na ukaguzi: TASAC kwa Tanzania Bara, ZMA kwa Zanzibar, KMA kwa Kenya. Uliza pia kwa viongozi wa kijiji na wa wavuvi wa mahali unapotaka kutia nanga. Karatasi ya ofisini haikupi haki ya kutupa nanga juu ya matumbawe yao wala kuziba njia ya ngalawa zao.

Wa Mwanza, Bukoba na Kisumu wasiseme nimewasahau. Ziwani yule mtoboa mbao hayupo, maji matamu hayamfai, kwa hiyo moto wa makuti mnaweza kuusahau. Lakini kinga ya chumvi nayo hamna, na uozo kwenu unakwenda mbio zaidi, hasa kwenye sitaha na vichwa vya mataruma. Pwani, baharia alimwagia sitaha yake maji ya bahari kila jioni na chumvi ikafanya kazi usiku. Ninyi itabidi mtegemee hewa: mbao za chini ziinuliwe, milango ibaki wazi, hakuna godoro linalolala moja kwa moja juu ya ubao. Maji mnayo pande zote, ila yachemsheni au yachujeni, na msiingie kwenye kina kifupi chenye magugu kuosha vyombo, kwa sababu ya kichocho. Kujaa na kupwa kwa maji hakupo, basi kukipandisha chombo nchi kavu ni magogo ya kuviringisha na vijana wenye nguvu, na chakula chao mkipike mapema.